Ndoo Nyuma ya Jiko

Mkono wa ndoo ulilia upande wa pili wa ukuta. Ulikuwa mlio mdogo tu, chuma kikigonga plastiki, na muadhini wa Magogoni alikuwa bado hajawasha kipaza sauti. Mwanarusi alikuwa macho. Alikaa kitandani na faili mapajani, akimulika kwa simu karatasi ile ile aliyoisoma kwa siku nne.

"Ndoo!" Bi Ruwaida, jirani yake, aliita kutoka uani kwake. "Lynnette! Ndoo, mwanangu!"

"Abee mama, naleta!"

Kandambili zilikimbia sakafuni. Mkono wa ndoo ukalia tena. Bi Ruwaida akaangua kicheko.

"Nakwita wewe, waniletea ndoo?"

"Si umesema ndoo, mama?"

"Nimesema ndoo! Ndoo hapa, ukae, unywe chai. Ndoo ya mai nitaifanyia nini saa hizi? Hii ya tatu wiki hii."

"Kwetu Kitale tunasema njoo."

"Na kwetu ni ndoo. Utazoea. Haya kaa, hicho cha maziwa ndicho chako."

Lynnette alikuwa mke wa mtoto wa Bi Ruwaida, bibi arusi wa miezi mitatu. Mwanarusi alicheka peke yake gizani. Kisha akaacha kucheka, akaisogeza karatasi karibu na macho.

*Kielelezo cha tatu. Ujumbe uliokutwa kwenye simu ya mshukiwa: "Iko kwenye ndoo nyuma ya jiko. Saa kumi."*

Aliswali, akavaa buibui, akatoka bila chai.

Kwa miaka ishirini na sita Mwanarusi alikuwa askari kanzu. Alipostaafu, chuo kimoja cha upande wa Kisauni kilimchukua achunguze mambo ambayo hayakufika polisi: simu zilizoibwa mabwenini, karatasi za mtihani zilizovuja. Kesi hii ilianza na kitu kizuri. Chuo kilikuwa na ruzuku za miradi inayobuniwa na kuendeshwa na wanafunzi wenyewe, ili maisha ya hapo yasiwe darasa na kitanda tu. Kanze Kai, mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka Chaani, aliomba mabenchi sita, spika moja na kinasa sauti kimoja. Yeye na wenzake walikwenda kwa wazee wa Likoni, Changamwe na Kisauni, wakawarekodi wakieleza walivyoishi. Kila Alhamisi baada ya alasiri waliziweka sauti hizo kando ya maktaba, na wanafunzi waliozoea kula peke yao vyumbani wakaja na sahani zao kusikiliza. Mradi ukaitwa Baraza la Alhamisi. Kijana mmoja wa uhandisi alimwambia Mwanarusi kwamba tangu afike chuoni, pale ndipo mtu alipomsogezea nafasi kwa mara ya kwanza.

Kisha kinasa sauti kikapotea, pamoja na kadi yenye sauti za wazee kumi na mmoja, ambazo hazikuwa zimehifadhiwa penginepo. Kanze ndiye aliyekitilia sahihi stoo Jumatano. Alhamisi alirudi mikono mitupu. Alisema kimepotea, hakusema wapi, na kila alipobanwa alijibu, "Nimeahidi." Leo kamati ya nidhamu ingekaa. Asiporudisha kifaa, au asipopata mtu wa kusimama aeleze kilipokwenda, jina lake lingefutwa chuoni.

Na Mwanarusi, kwa siku nne, alikuwa amefunua ndoo arobaini na tatu.

Carolyne, karani wa ofisi ya usalama, ndiye aliyekuwa akifika wa kwanza kila siku. Aliosha vikombe vya wote, hata vya wale wasiomsalimu. Mwanarusi alimkuta na kitambaa mkononi.

"Shikamoo, Bi Mwanarusi. Mbona mapema hivi?"

"Marahaba, mwanangu. Kielelezo cha tatu alikipiga chapa nani?"

"Mimi."

"Uliunakili ujumbe kama ulivyo kwenye simu?"

Carolyne aliweka kikombe chini. "Kama ulivyo, ndiyo. Ila ulikuwa umekatika mwanzo. Nikaunyoosha kidogo, kamati ielewe."

"Uliunyooshaje?"

"Niliongeza 'iko kwenye'. Basi. Nimekosea?"

"Kwenu ni wapi, Carolyne?"

"Makueni."

"Nifungulie kabati la vielelezo."

Simu ya Kanze ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, imezimika. Waliitia chaji, wakakaa mbele yake. Ilipowaka, Mwanarusi alitafuta ujumbe wa Jumatano ile. Maneno yalikuwa matano na nukta mbili: kwanza *Ndoo nyuma ya jiko*, kisha *Saa kumi.*

Aliyahesabu tena, akakuta ni sita. Alikuwa amechoka.

Gershom Kiponda, mkuu wa usalama, aliingia na funguo za gari kidoleni.

"Mkubwa," Mwanarusi alisema, "wewe ni mtu wa Rabai, umekulia na Waswahili. Soma hapa."

Gershom alisoma. Funguo ziliacha kuchezacheza.

"Uliwahi kuuona ujumbe wenyewe?"

"Niliona nakala. Nina kesi kumi na nane mezani, Bi."

"Na mimi niliona nakala. Nilipewa karatasi, nikaamini karatasi. Ndoo hapa ni nini?"

"Inaweza kuwa njoo," alisema polepole. "Haya, na iwe njoo. Aliitwa nyuma ya jiko la mkahawa saa kumi, akaenda, akamkabidhi mwenzake mashine. Bado ni mwizi."

"Nani kasema ni jiko la mkahawa?"

"Na ile laini iliyotuma ujumbe je? Imesajiliwa kwa jina la mtu aliyekufa. Mtu mwema gani hutumia laini ya marehemu?"

"Mjane."

Mwanarusi alivuta faili ya mradi, akafungua orodha ya wazee waliorekodiwa. Alipitisha kidole hadi namba tatu. *Mzee Taha Jamaludin, Mkomani.* Akaiweka kando ya karatasi ya kampuni ya simu. Jina lilikuwa lile lile.

"Tulilitafuta jina hili kwa wanafunzi na kwa wafanyakazi," alisema. "Kwa wazee hatukulitafuta. Mzee huyu alifariki miezi mitatu iliyopita, siku chache baada ya kurekodiwa. Mkewe sasa yuko ndani, anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki kwenda kwa watu, watu ndio humwendea. Na nyumba za wakubwa wa Mkomani, mlango wa mbele ni wa wanaume. Mwanamke huingilia wapi?"

Gershom aliusoma ujumbe tena.

"Nyuma ya jiko," Mwanarusi alisema.

"Lete mashine, na lete mtu," Gershom alisema. "Na ufanye haraka. Mwenyekiti ana safari, kamati imesogezwa. Ni saa nne, si saa tano."

Carolyne alikuwa amegeukia dirisha. Alikuwa bado ameshika kile kikombe.

Kwenye ukumbi mwembamba nje ya chumba cha kamati waliweka benchi kwa ajili ya walioitwa. Lilikuwa moja ya yale mabenchi sita ya Baraza la Alhamisi. Kanze alikaa hapo, magoti yamebanana, na kando yake mama yake, Gladys, aliyekuwa akikaanga viazi karai Chaani na leo hakuwasha jiko. Gladys alikuwa na chupa ya chai. Alikuwa akimmiminia askari wa mlangoni, yule yule aliyepangiwa kumtoa binti yake nje ya geti.

Mwanarusi alichuchumaa mbele ya Kanze.

"Yuko eda, sivyo?"

Kanze aliinua uso. "Nani amekwambia?"

"Wewe hujasema. Nimesema mimi."

"Nilimwahidi mpaka atoke."

"Atatoka lini?"

"Bado siku arobaini na moja."

"Kamati ni leo, mwanangu."

"Sikujua wanakaa haraka hivi, Bi."

"Eda ya nani?" Gladys aliuliza. "Kanze, unaficha nini? Hata mimi?"

"Mama, tafadhali."

Gladys alimtazama binti yake, kisha akamtazama Mwanarusi. Akamimina kikombe kingine, akampa. "Kunywa, dada. Hujala wewe." Mwanarusi alikunywa nusu akiwa amesimama, akakimbilia pikipiki.

Nyumba ya marehemu Mzee Taha ilikuwa na baraza safi mbele na viatu vya wanaume mlangoni. Mwanarusi aliipita, akafuata uchochoro wa pembeni, akatokea uani. Palikuwa na kamba ya nguo, bomba la maji, na mlango wa mbao ulioachwa wazi kidogo.

"Hodi. Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Pita, mwanangu. Viatu usivue, hapo tini pana mai." Sakafu ilikuwa imelowa.

Bi Jalila, mjane wa Mzee Taha, alikuwa mfupi, amevaa nguo isiyo na rangi, hana wanja wala hina. Alisogeza mbuzi ya kukunia nazi kwa mguu ili mgeni apite, akamtolea kiti, yeye akakaa juu ya mkeka.

"Mimi naitwa Mwanarusi. Natoka chuoni kwa kina Kanze."

Mikono ya bibi ilishikana. "Hajambo mtoto yule?"

"Wanasema ameiba kinasa sauti."

"Nani? Kanze?" Alitikisa kichwa. "Wallahi hakuiba. Ni mimi niliyemwita. Niliandika kwa simu ya marehemu, yangu vidude vyake vimekufa."

"Ulimwita kwa nini?"

"Anisikilizishe. Mume wangu alisema na wanafunzi wale siku nzima, mimi nilikuwa hospitali Likoni kwa dadangu. Nikarudi, akaugua, akafa. Sikuyasikia. Nikamwambia Kanze, niletee. Akaja na mashine. Nikamwambia, niachie usiku mmoja. Akasema, bibi, haruhusiwi mtu kuilaza nje. Nikalia. Ndipo akaniachia, akanionyesha pa kubonyeza."

"Uliyasikia?"

"Nusu. Humo alikuwa aeleza alivyonioa. Miaka hamsini na mbili hakunambia mimi, aenda kuwambia watoto wa chuo!" Alicheka kidogo, akajipangusa macho kwa upindo wa kanga. "Nusu ya pili niliiweka. Nikasema nitaisikiza asubuhi."

"Kisha?"

"Jamaludin akaja baada ya isha. Mtoto wa mume wangu, huyu ndiye mwenye nyumba sasa. Akaisikia sauti. Akaichukua. Akasema haifai, mimi niko eda na nyumba yatoka sauti ya maiti. Asubuhi Kanze akaja kuifuata, nikamwomba asiseme mpaka nitoke. Niliogopa maneno, mwanangu. Sikujua kama yatampata yeye."

Mtu alikohoa ukumbini, kikohozi cha kujulisha kwamba mwanamume anapita. Jamaludin Taha alisimama mlangoni, mtu wa miaka hamsini na mitano hivi, kanzu yake imepigwa pasi vizuri. Alimwamkia Mwanarusi kwa heshima kabla hajajua ni nani, na alipojua hakuibadilisha sauti.

"Kinasa sauti kiko wapi, Bwana Jamaludin?"

"Nitawanunulia kingine."

"Sikuulizia kingine."

Alimtazama mama yake wa kambo, akaitazama sakafu. Kisha akatoka, akampeleka Mwanarusi nje, nyuma ya jiko. Kando ya bomba palikuwa na ndoo ya buluu iliyofunikwa kwa sinia, na juu ya sinia pamewekwa jiwe. Aliliondoa jiwe, akaondoa sinia.

Kinasa sauti kilikuwa kimelala chini ya maji.

Mwanarusi aliinama juu ya ndoo. "Toka usiku ule?"

"Toka usiku ule."

"Kwa nini ukakitia maji?"

"Kilikuwa hakizimiki. Mimi vitu hivi sivijui. Nilibonyeza kila mahali, naye baba yuaendelea kusema. Nikafungulia maji."

"Mbona baadaye hukukitupa?"

"Nitamtupaje?" Jamaludin alisema.

Mwanarusi alitoa kile kifaa, akakikung'uta. Akafungua kijumba cha kadi, maji yakamiminika kwenye kiganja chake. Alikifunga ndani ya leso yake, akaandika saa na mahali kwenye daftari, kama alivyofundishwa. Saa ilikuwa tatu na dakika arobaini.

"Twende ukaieleze kamati haya haya uliyonieleza. Dakika tano tu. Msichana atafutwa chuoni."

"Bi Mwanarusi, nisamehe. Nisimame mbele ya watu nisiowajua, niseme nimemzamisha baba kwenye ndoo?"

"Basi niandikie."

"Ikiandikwa itasomwa."

Walipogeuka, Bi Jalila alikuwa amevaa buibui. Alikuwa ameshika ukingo wa mlango, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Nakwenda mimi," alisema. "Dharura yaruhusiwa."

Jamaludin hakupaza sauti. "Mama. Siku zimebaki chache. Nimewaambia watu wote umekaa vizuri. Usinivunjie."

Bibi alimtazama. Aliutazama uchochoro. Mguu wenye kiatu ulitoka juu ya kizingiti, ukatua nje, mkono wake bado umeushika ukingo wa mlango. Jamaludin alimdaka mkono, taratibu, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa, akamrudisha kwenye mkeka, akamvua kile kiatu yeye mwenyewe. Halafu akaenda mbele ya nyumba, asirudi.

Mwanarusi alimpigia Gershom.

"Nimekipata."

"Kizima?"

"Kimeingia maji. Lakini msichana hakuiba, shahidi ninaye hapa, ni mjane wa Mzee Taha. Waambie wamsikilize kwa simu."

"Kanuni zinataka ana kwa ana. Nilijaribu asubuhi hii hii kwa kesi nyingine, wakakataa. Kifaa umekipata wapi?"

Katika miaka ishirini na sita Mwanarusi hakuwahi kuandika uongo kwenye ripoti.

"Nyuma ya jiko," alisema.

"Ndani ya nini?"

Aliitazama buluu ile.

"Ndani ya ndoo."

Gershom alivuta pumzi. "Bi Mwanarusi. Ni yale yale yaliyoandikwa kwenye kielelezo cha tatu."

"Siyo yale! Kielelezo kimekosea. Ndoo ile ya kwenye simu siyo hii ndoo."

"Mimi nakuelewa. Mwenyekiti ametoka bara mwaka jana, na ndege yake ni saa sita. Nitamwambiaje? Kwamba ndoo haikuwa ndoo, lakini mashine ilikuwa ndani ya ndoo?"

"Mwambie hivyo hivyo," Mwanarusi alisema.

"Nitamwambia," Gershom alisema, na kwa sauti yake Mwanarusi alijua kwamba angemwambia kweli.

Alikaa na Bi Jalila kwenye mkeka, akaandika maelezo yake neno kwa neno, akamsomea. Bibi aliomba asomewe mara ya pili pale anapomtaja Kanze, ahakikishe limeingia kwamba mtoto alikataa kwanza. Kisha akaomba kalamu, akatia jina lake kwa herufi za Kiarabu, taratibu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.

Saa nne na dakika ishirini simu ililia. Alikuwa Carolyne.

"Wamemaliza," alisema. "Wamelifuta jina lake. Bwana Gershom aliwaeleza, Bi, nilimsikia, aliwaeleza mara mbili. Mmoja akacheka. Mradi umefungwa pia, vijana wa stoo wanabeba mabenchi. Yule mama alisimama akawapisha, akawauliza kama wamekula."

"Rufaa je?"

"Siku kumi na nne. Na shahidi aje mwenyewe."

Mwanarusi alitoa kumi na nne kwenye arobaini na moja. Ilibaki ishirini na saba, akafanya hesabu hiyo tena kana kwamba ingebadilika.

"Ni maneno mawili tu niliyoongeza," Carolyne alisema. "Nilitaka kumsaidia asionekane hajui kuandika."

"Najua, mwanangu. Niwekee ile simu vizuri. Usiizime."

Bi Jalila alikuwa akimsoma usoni. Hakuuliza kamati imesemaje.

"Mama yake yuko naye?"

"Yuko naye."

"Alhamdulillahi." Alinyoosha kidole kwenye leso iliyolowa. "Na hicho, chaweza kusema tena?"

"Nitakipeleka kwa fundi. Siwezi kukuahidi."

"Usiniahidi. Ahadi ndiyo iliyomponza mwenzako."

Mwanarusi alisimama, akakusanya daftari, kalamu na leso. Maji yalidondoka kutoka mkononi mwake mpaka mlangoni. Bi Jalila alimfuata hadi kwenye kizingiti, akasimama ndani yake, vidole vya miguu vikiishia pale ubao unapoishia. Kando ya bomba, ndoo ya buluu ilikuwa bado wazi, imejaa maji matupu.

"Ndoo tena," bibi alisema.

Mwanarusi aligeuka.

"Hata kama huna la kunambia. Siku arobaini na moja ni nyingi kwa mtu mmoja. Ndoo hata mikono mitupu, mwanangu. Hapa hapa, nyuma ya jiko. Ndoo."